Kadi Ndogo ya Bashi Mwape

Kompyuta ile ilikuwa ya Mwape, mwanetu wa pekee. Aliiunda mwenyewe mwaka 2013 akiwa chuoni, kipande kwa kipande, kwa ajili ya kucheza gemu, na alipopata kazi ya mgodi huko Kalumbila akaniachia na onyo kwamba nisiiuze hata nikilala njaa. Ilikaa chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa miaka na miaka. Kila nikigeuka naigonga kwa goti.

Mume wangu, Sampa Katongo, ameendesha malori miaka thelathini na moja, Ndola hadi Durban, Ndola hadi Dar. Ndivyo alivyonipata. Nilikuwa Tunduma nauza chai na chapati pale malori yanaposubiri kuvuka mpaka, naye akasubiri siku nne. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, jina langu Subilaga, ila hapa Masala, mtaa wetu wa Ndola, tangu nimzae mtoto hakuna anayeliita. Mimi ni Bana Mwape, mama yake, yeye ni Bashi Mwape, baba yake, basi.

Kiharusi kilimpiga mwaka juzi, akiwa na miaka sitini na tatu, mwezi mmoja kabla hajastaafu. Mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Dada wa mazoezi pale hospitali alimpa kimpira cha kubinya, asubuhi mara hamsini, jioni mara hamsini. Mume wangu akampa mbwa wa jirani kimpira hicho. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikanyamaza. Kumwogesha ni mimi, kumvisha ni mimi, kumpeleka chooni ni mimi, kisha nakaa kwenye cherehani na sare za shule za watoto wa watu mpaka macho yanaona sindano mbili.

Pasaka Mwape alikuja. Akaitoa kompyuta uvunguni, akafunga usukani wa plastiki kwenye meza na gia upande wa kushoto, akaweka gemu ya kuendesha malori. Baba yake alicheka kwa dharau. Baada ya saa moja aliacha kucheka. Jioni ile mkono uliokataa mpira ulikuwa umeshika gia, unatetemeka, unaiingiza ya tatu, unaikosa, unarudia.

Toka hapo akawa na kazi. Anaamka, anakunywa uji, anaketi kwenye usukani. Barabara za ndani ya gemu ni za Ulaya, za theluji na misonobari, lakini yeye alizipa majina ya miji ya njia zake za zamani.

"Bana Mwape, nimeshaipita Kapiri!" anapaza sauti, na kibao kwenye skrini kimeandikwa jina ambalo ulimi wangu haulitaki.

"Haya, angalia mizani," namjibu, nimebana pini mdomoni.

Mwezi wa sita skrini ikaanza kutoa mistari ya kijani na zambarau. Akasema ni mvua. Siku ya tatu ikawa nyeusi kabisa, na kompyuta inanguruma tu ndani bila kuonyesha kitu. Alikaa mbele ya ule weusi karibu saa nzima, mkono bado uko kwenye gia. Kisha akaniomba nimrudishe kitandani, akageukia ukutani. Kwa wiki tatu hakutaka kunyolewa.

Nilimpigia Mwape. Nikamweleza ile mistari, akajua mara moja.

"Mama, kadi ya picha imekufa. Ndiyo inayochora kila kitu mnachokiona. Nakutumia elfu sita, mchukulie ya giga nane, ile kubwa, asihangaike tena."

"Kwacha elfu sita, Mwape?"

"Mama, ni baba yangu."

Nilipomwambia mume wangu, aligeuka kutoka ukutani kwa mara ya kwanza. Siku hiyo hiyo alipokuja Chishala, dereva mwenzake wa zamani, akamtangazia kabla hajakaa, "Mwanangu ananinunulia kadi ya giga nane."

Chishala hajui giga ni mnyama gani, lakini alitikisa kichwa kwa heshima. "Nane! Wewe si mwenzetu tena, mudala, mzee wangu."

Kabla ya kwenda mjini nilifungua ubavu wa kompyuta, nikaitoa kadi mfu kama Mwape alivyonielekeza kwa simu, nikapima nafasi kwa futi yangu ya kushonea. Sikuwa nikijua chochote. Ni mazoea tu. Mtu aliyeshona miaka ishirini hawezi kwenda kununua bila kipimo. Kutoka ukuta wa nyuma mpaka kwenye kile kibanda cha diski, sentimita ishirini na sita.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo, na muuzaji kijana aliyepaka nywele rangi ya dhahabu, anaitwa Lubinda. Akanitolea kadi nzito kama tofali, ina feni tatu, na taa zinazobadilika rangi.

"Hii hapa, mama mdogo. Giga nane. Imetumika kidogo tu. Elfu tano na mia nane, kwa sababu ni wewe."

Nikatoa futi. Sentimita thelathini na moja.

"Haiingii," nikamwambia.

"Itaingia. Tunakata hicho kibanda cha diski, dakika mbili."

"Kijana, mimi ni fundi nguo. Mtu akiletewa nguo haimtoshi, simkati mtu."

Akacheka sana, lakini hakuiweka chini ile kadi. "Pawa saplai yenu ni ya wati ngapi?"

"Ndiyo nini?"

"Lile boksi la kugawia umeme ndani. Haidhuru. Itawaka tu. Ikikataa unarudi, nakuuzia na hiyo."

Ilikuwa ni lile neno "nakuuzia na hiyo" lililonitoa dukani. Nilisimama nje kwenye jua, miguu inawaka, nikafikiri nirudi nikamalize habari. Nilipe, nimpelekee, liishe. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kudanganywa kuliniwia kama njia fupi. Kilichonizuia ni ile thelathini na moja.

Kesho yake nikaenda kwa Bwana Siachitema pale sokoni Masala. Alikuwa fundi wa redio, halafu televisheni, halafu simu, sasa kompyuta. Mzee mpole wa Kitonga mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliwahi kumwambia Bana Chomba, jirani yangu, kwamba kifaa chake hakifai kutengenezwa, na hakumtoza kitu, ndiyo maana nikamwamini. Alitaka kuiona kompyuta yenyewe. Kichwani ingeniangusha, kwa hiyo nikarudi nyumbani nikaifunga mgongoni kwa chitenge kama mtoto.

Wanawake wa bombani hawakunihurumia.

"Bana Mwape! Umejifungua lini?"

"Jana. Kilo tisa, na baba yake hataki kumbeba."

"Anafanana na nani?"

"Na babu yake. Hasikii na anapiga kelele."

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Na mimi nilicheka, ila nilipofika sokoni mgongo ulikuwa umekufa ganzi.

Bwana Siachitema aliifungua, akapuliza vumbi, akamulika tochi. Alisoma karatasi ya ubavuni mwa lile boksi la umeme, akaisoma tena.

"Hii siyo iliyokuja na kompyuta, mama. Nani aliibadilisha?"

Nikakumbuka. Miaka mitatu nyuma radi ilipiga, Bashi Mwape akaenda kwa mtu akawekewa nyingine kutoka kwenye kompyuta ya ofisi, na hakumwambia mtoto.

"Hii ni wati mia tatu," akasema. "Kadi kubwa peke yake inataka karibu zote, na inataka waya wake wa umeme. Hapa hakuna waya huo. Ungeiwasha, ingezima, au ingeunguza bodi."

"Kwa hiyo ninunue na boksi jipya?"

"Unaweza. Lakini tazama hii." Akanionyesha katikati, chini ya feni ndogo iliyojaa nywele za vumbi. "Hii ndiyo prosesa, ubongo wake. Ni ya zamani. Ukimwekea kadi kubwa, kadi itakuwa inamaliza kazi na kukaa kumsubiri. Unalipia mbio ambazo hazitakimbiwa. Mzee anacheza gemu gani?"

"Malori."

"Malori peke yake? Hapigani vita?"

"Vita vyake ni na mimi."

Akatabasamu. "Na umeme ukikatika?"

Hilo hakuna aliyeniuliza, si Mwape wala Lubinda. Siku hizi tunapata umeme saa tano, sita kwa siku, hatujui zipi. Nyumbani tuna inveta na betri moja, na paneli moja ya sola juu ya bati. Nikamweleza. Akachukua kipande cha boksi akapiga hesabu kwa penseli: kadi kubwa ingemaliza betri ndani ya saa moja hivi. Ndogo ingempa saa mbili na nusu, na taa yangu ya cherehani ikiwa inawaka.

Akainuka akatoa kabatini kadi moja ndogo, feni mbili, imefungwa kwenye gazeti. Giga nne. Haina waya wa umeme. Inakula kutoka kwenye bodi yenyewe, wati sabini na tano tu. Nikapima. Sentimita kumi na saba.

"Imetumika," akasema. "Sikufichi. Ya mwalimu mmoja, amenunua kubwa zaidi. Elfu mbili na mia tatu. Lakini kadi iliyotumika usiichukue kwa maneno. Itazame ikifanya kazi, nusu saa, ikishapata joto. Ikiwa mbovu itajionyesha hapo."

Tatizo ni kwamba umeme haukuwepo. Ungekuja saa nane, walisema. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

Nilikaa. Nilikuwa na suruali mbili za shule kwenye mfuko, nikatoa sindano nikaanza kukunja pindo. Yeye alikuwa anachomelea redio kwa betri ya gari. Hatukuongea sana. Akaniuliza nimetoka wapi, maana Kibemba changu kinasikika kimetoka mbali, nikamwambia Tukuyu.

"Umeenda lini mara ya mwisho?"

"Miaka tisa."

"Una nani huko?"

"Dada yangu, Tusajigwe. Magoti yamekwisha, hatoki nje. Kila akipiga simu ananiambia migomba imezaa. Hasemi njoo. Anasema migomba imezaa."

Akaendelea na redio. Nami sindano ikasimama. Nilikuwa nimejitamkia jambo ambalo sikuwahi kujitamkia, na palepale hesabu ikajifanya yenyewe kichwani bila kuiomba: elfu sita, toa elfu mbili na mia tatu. Nauli ya basi mpaka Nakonde mpakani, kuvuka, kwenda na kurudi, haikufika hata nusu ya kilichobaki. Nikaona aibu kama nimeingiza mkono mfukoni mwa mtu. Nikarudi kwenye pindo. Nikakosea mishono, nikaifumua.

Umeme ulikuja saa nane na robo. Akaichomeka ile kadi, akafungua kitu cha kuipimia, duara lenye manyoya linalozunguka bila kuchoka kwenye skrini. Tulilitazama dakika arobaini kwa saa ya ukutani. Feni zikapanda sauti, zikatulia. Hakuna mstari. Akaniambia niweke kiganja nyuma. Moto, lakini moto wa kikombe cha chai. Akanusa, nikanusa na mimi.

"Elfu mbili," nikasema.

"Mama, tumekaa hapa tangu asubuhi."

"Ndiyo maana. Tumeshakuwa ndugu."

Tukaishia elfu mbili na mia moja, na akanisafishia vumbi lote, na akaweka dawa mpya ya kupoza joto juu ya prosesa.

Nyumbani Bashi Mwape alikuwa ameketi tayari kwenye kiti chake, shati safi limefungwa vifungo kombokombo. Amejivisha mwenyewe. Nikaifungua kompyuta, nikamwonyesha.

Aliitazama muda mrefu. "Hii ndiyo giga nane?"

"Nne. Kubwa haiingii. Na lile boksi la umeme uliloweka wakati wa radi haliwezi kuibeba. Hukumwambia Mwape."

"Umeninunulia kadi ya mtoto."

"Nimekununulia inayowaka."

"Nimeshamwambia Chishala ni nane!"

"Basi mwambie Chishala aje ahesabu."

Halafu akauliza, kwa ile sauti ya chini ninayoijua, "Na hela iliyobaki?"

Ningeweza kusema uongo. Ningesema dawa, ningesema unga. Nilikuwa nimechoka hata kutunga.

"Ipo. Elfu tatu na mia tisa. Nataka kwenda kumwona Tusajigwe. Wiki mbili. Bana Chomba atakuangalia, nitamlipa."

"Hela ya mwanangu."

"Na wangu."

"Ameituma kwa kadi."

"Kadi hiyo hapo."

Nikabonyeza kitufe. Kompyuta ikawaka, theluji yake ikaja, misonobari ikaja, na yeye hakuugusa usukani. Aliniambia nimpeleke kulala, na ilikuwa bado jua kali. Siku mbili alikula bila kunitazama. Nikimwinua anajilegeza makusudi awe mzito. Siku ya pili, nikiwa nimemshika kwapani katikati ya chumba, niliishiwa nguvu nikamwambia tu, "Bashi Mwape, nikianguka hapa tunaanguka wote, na hakuna wa kutuokota." Nikamkalisha kitandani, nikakaa sakafuni, nikalia. Sikulia kwa ajili yake wala kwa ajili ya Tukuyu. Nililia kama bomba lililofunguka.

Aliuweka ule mkono wa kushoto kichwani kwangu, mzito, vidole havijanyooka. Ukakaa pale mpaka nikanyamaza.

Jioni nilimpigia Mwape nikamweleza yote, hata kuhusu radi.

"Mama," akasema, "mimi sikujua kwamba unataka kwenda."

"Hata mimi sikujua."

"Nenda. Nitamwambia baba."

"Usimwambie. Ni mimi na yeye."

Asubuhi yake nilimkuta Bashi Mwape kwenye usukani. Hakuniamkia. Aliendesha saa nzima, na picha haikukwama hata mara moja. Bwana Siachitema alikuwa amepunguza vivuli na mng'ao wa maji, kwa hiyo barabara ilikuwa tupu kidogo, kama siku ya mawingu. Kisha akasema bila kugeuza kichwa, "Basi la asubuhi ndilo lichukue. Kaa upande wa dereva. Kule mbele ya Mpika kushoto kuna mashimo, utavunjika mgongo."

"Nimesikia."

"Na Nakonde usibadilishe hela kwa wale wenye kofia. Mtafute Mama Sikanyika mwenye duka la blanketi. Mwambie ni mke wa Sampa. Kama bado yupo hai."

Nilikwenda. Siku tatu za mwanzo kwa dada yangu nililala tu. Nilifika na zawadi na maneno ya miaka tisa, na sikuyasema. Naamka, ananipa ndizi na maziwa ya mgando, nalala tena. Yeye ndiye mwenye magoti mabovu, na yeye ndiye aliyekuwa akinifunika. Siku ya nne nikaamka nimepona kidogo, tukakaa barazani mvua ikinyesha kwenye mashamba ya chai, tukawasema ndugu wote waliokufa na waliobaki.

Nyumbani nilipiga simu mara moja tu. Bana Chomba akasema mume wangu ameanza kujikongoja kwa fimbo, amejipikia chai mwenyewe, akamwaga nusu, na amekataa kufutiwa.

Niliporudi, siku ya kumi na tano, alikuwa amenyolewa vibaya upande mmoja.

"Nani kakunyoa?"

"Dereva mwenyewe, mimi hapa."

Nikacheka, nikatua mizigo. Ndizi zilikuwa zimeiva njiani, nyumba nzima ikanukia. Akanisogezea kiti karibu na chake kwa mguu.

"Kadi yako haijazima hata siku moja," akasema. "Chishala amekuja, nikamwambia ni nne. Akasema hata lori lake la kwanza lilikuwa na gia nne."

"Ulimwambia ukweli?"

"Nilichoka kumdanganya. Kaa, nikupeleke Serenje."

Sare za shule zilikuwa zimerundikana kwenye meza hadi dirishani na maji ya kuoga hayajachotwa. Nilikaa. Lori likatoka getini, likaingia barabara kuu, mkono wake wa kushoto ukatafuta gia, ukaikosa, ukaipata. Akawa ananionyesha mto, daraja, kituo cha mafuta ambacho vibarua wake ni wezi. Nilijitahidi kutazama.

Sijui tulifika wapi. Nilipozinduka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, kanga yangu imewekwa mabegani, na nje nilimsikia akimwambia mteja mmoja aliyefuata sketi ya mwanawe, taratibu, mlangoni, akiwa amesimama kwa fimbo yake, "Fundi amefika leo kutoka safari. Njoo kesho. Hapana, mama, kesho kutwa."